Ngozi ya chui mweusi: Majagina wa kike waliotangulia na Afrika waliyoikopa

Muulize mpenzi yeyote wa vitabu vya katuni vya Marekani ni mwanamke gani aliyetangulia kupambana na wahalifu kwa nguvu zake mwenyewe, bila kusubiri mwanamume aje kumwokoa. Atakujibu papo hapo: Wonder Woman. Jibu hili limerudiwa mno hivi kwamba hakuna anayelihoji tena. Hata hivyo, si sahihi. Wonder Woman alijitokeza mwishoni mwa mwaka wa 1941. Kufikia wakati huo wanawake wengine kadhaa walikuwa wamekwisha kuvaa barakoa na majoho, wakatoka usiku kuwasaka majambazi na majasusi.

Katika miaka ya karibuni hadithi za wanawake hao zimeanza kurejeshwa kwa njia ya mikusanyo. Mwaka wa 2011 Trina Robbins alihariri juzuu ya kurasa za Jumapili za katuni iitwayo Miss Fury, na juzuu nyingine ikafuata mwaka wa 2013. Mwaka huo huo Mike Madrid alichapisha mkusanyo wake wa majagina wa kike waliopotea, Divas, Dames & Daredevils. Nimekuwa nikivisoma vitabu vya aina hii kwa jicho la mtu wa Afrika Mashariki, na kuna jambo linalonivutia na kunikera kwa pamoja. Afrika imo karibu kila mahali, ila Mwafrika hayumo. Nguvu zinatoka kwetu. Anayezivaa anatoka kwingine.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kiingereza kina neno moja la shujaa wa kiume na jingine la shujaa wa kike, na hilo la pili limeundwa kwa kuliongezea la kwanza mkia. Wachapishaji wa Marekani wa miaka ya 1940 walizidisha hapo: jagina wa kike alibandikwa jina lenye kumkumbusha msomaji kila mara kwamba huyu ni bibi, ni mwanamwali au ni msichana tu. Kiswahili hakina shida hiyo. Shujaa ni shujaa, jagina ni jagina, na ngeli ya A-WA haiulizi mtu ana ndevu au ana hereni. Ndiyo maana katika makala haya nitalazimika kuongeza "wa kike" mara kwa mara, na kila nikiongeza naona kama ninakiazima kilema cha lugha nyingine. Lakini nitafanyaje? Historia yenyewe imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Tuanze na mwaka wa 1940. Katika toleo la Jungle Comics lenye tarehe ya Februari mwaka huo alizuka Fantomah, mwanamke wa ajabu wa msituni. Wengi wa watafiti humhesabu kuwa jagina wa kike wa kwanza wa vitabu vya katuni mwenye nguvu zisizo za kibinadamu. Ana nywele za rangi ya dhahabu na sura ya kupendeza, lakini anapokasirika uso wake hugeuka fuvu, nywele zikabaki vile vile, na hapo mwovu aliyeingia msituni kuiba ajue siku zake zimekwisha. Aliyemchora, Fletcher Hanks, alikuwa mlevi aliyeitelekeza familia yake. Alikutwa amekufa kwa baridi jijini New York mwaka wa 1976. Kazi zake zilikusanywa na Paul Karasik kuanzia mwaka wa 2007, na ni katika kumtafuta mchoraji huyo ndipo Karasik alipokutana na mwanawe, ambaye hakuwa na mema mengi ya kusema juu ya baba yake. Basi mtu aliyeikimbia nyumba yake ndiye aliyemchora mwanamke asiyemsamehe mkosaji hata mmoja.

Mwezi mmoja baadaye, Machi 1940, akaja Mwanamke Mwekundu wa jarida la Thrilling Comics. Huyu ni Peggy Allen, afisa wa polisi ambaye huvaa joho na barakoa nyekundu ili afanye yale ambayo sare ya kazi haimruhusu. Juni mwaka huo huo nyongeza ya magazeti iliyosimamiwa na Will Eisner ikamtoa Lady Luck, binti tajiri mwenye mtandio wa kijani usoni. Agosti 1941 akafuata Phantom Lady, binti wa seneta, aliyebeba taa ya ajabu: badala ya kuangaza, inatia giza. Sitawahesabu wote. Itoshe kusema kwamba wengi wao hawakuwa na miujiza yoyote. Walikuwa na ngumi, akili na ujasiri, na kazi yao ilikuwa uhalifu wa mjini: wizi, mauaji, magendo na ujasusi.

Anayestahili tukae naye ni Miss Fury.

Katuni yake ilianza kutokea katika magazeti tarehe 6 Aprili 1941, miezi kadhaa kabla ya Wonder Woman. Mchoraji alitia sahihi ya Tarpé Mills. Wasomaji wengi walidhani ni mwanamume, na hilo ndilo hasa alilolitaka. Jina lake kamili lilikuwa June Tarpé Mills. Aliliacha lile la June kwa sababu, kama alivyolieleza gazeti moja la New York, watoto wangevunjika moyo wakigundua kwamba mashujaa wao wenye misuli wamechorwa na msichana. Hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Alikuwa amekwisha kuviandikia na kuvichorea vijitabu vya katuni hadithi nyingine, na aliwahi kufanya kazi ya uanamitindo ili ajilipie masomo ya sanaa. Ndiyo sababu mavazi katika Miss Fury yamechorwa kama na mtu anayejua kitambaa kinavyoanguka mwilini. Mshono wa gauni, kofia, viatu, vyote ni vya mwaka ule, si vya kubuni. Na uso wa Marla Drake, mhusika mkuu, ulifanana sana na uso wa mchoraji mwenyewe.

Hadithi inaanza kwa jambo dogo kabisa. Marla amealikwa kwenye dansa ambako kila mgeni anavaa mavazi ya kujigeuza. Mara anapata habari kwamba mwanamke mwingine atavaa vazi kama lake. Aibu iliyoje! Mtumishi wake, Francine, anamkumbusha kwamba kabatini mna ngozi ya chui mweusi aliyoirithi kwa mjomba wake. Ngozi hiyo ilitoka Afrika, ambako ilikuwa vazi la mganga katika ibada. Marla anaivaa, inamkaa mwilini kutoka kisogoni hadi vidoleni, na kabla hajafika kwenye dansa anajikuta katikati ya mambo ya polisi na wahalifu. Basi hivyo ndivyo jagina wa kwanza wa kike kubuniwa na mwanamke alivyozaliwa: kwa kuogopa kufanana gauni na mwenziwe, na kwa ngozi iliyosafiri kutoka bara letu bila jina la aliyeitoa.

Nadhani Mills alikuwa mwandishi bora kuliko wengi wa rika lake wa kiume. Wahusika wake waovu si vikaragosi. Baronesi Erica von Kampf, jasusi wa Nazi, amechomwa chapa ya swastika kwenye paji la uso na huificha kwa nywele alizozikata kwa ufundi. Sehemu ndefu ya hadithi inaendelea Brazil, ambako Jenerali Bruno ana njama zake. Marla anamlea mtoto wa kiume bila mume, jambo ambalo magazeti ya familia ya wakati ule hayakulizoea. Ile ngozi yenyewe haivai mara nyingi, na kila akiivaa humletea balaa zaidi ya faida. Mwaka wa 1947 Mills alimchora mwigizaji wa klabu ya usiku akiwa na vazi dogo mno, na magazeti 37 yakaiacha katuni hiyo. Iliendelea kuchapishwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha ikanyamaza. Mills alifariki mwaka wa 1988, na kufikia wakati huo ni wachache waliojua kwamba amewahi kuwa na umaarufu.

Kwa nini Wonder Woman akabaki na Miss Fury akapotea? Sababu moja ni ya kibiashara. Wonder Woman alikuwa mali ya kampuni ya vitabu iliyoendelea kumchapisha mwaka baada ya mwaka, hata baada ya mbunifu wake, mwanasaikolojia William Moulton Marston, kufariki mwaka wa 1947. Na hata katika nyumba hiyo yenye jina kubwa kulikuwa na mwanamke aliyefichwa. Joye Hummel alianza kumwandikia Marston hadithi za Wonder Woman mwaka wa 1944, akiwa kijana mdogo, na hadithi zake zikatoka kwa jina la kalamu la Marston. Alitambuliwa rasmi kwa tuzo mwaka wa 2018, na akafariki mwaka wa 2021. Mmoja alilificha jina lake mwenyewe, mwingine akafichiwa. Matokeo ni yale yale.

Miss Fury, kwa upande wake, aliishi gazetini. Sisi tunaoandika magazetini tunaijua hatima ya gazeti. Leo linasomwa, kesho linafungia maandazi, keshokutwa linawashia jiko. Ni kweli kwamba yalitolewa matoleo machache ya vitabu vyake katika miaka ya 1940, lakini kurasa za rangi za Jumapili zilitegemea watu waliozikata kwa makasi na kuzihifadhi. Maktaba kubwa za Marekani zilipohamishia magazeti yao kwenye filamu ndogo za rangi nyeusi na nyeupe, zilianza kuyatupa yale ya karatasi. Katuni za rangi zikapoteza rangi zake. Bwana mmoja wa San Francisco, Bill Blackbeard, alipogundua kwamba maktaba zisingempa mtu binafsi magazeti hayo, alisajili taasisi isiyo ya faida mwaka wa 1968, akaijaza nyumba yake magazeti mpaka pa kukaa pakawa shida. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shehena yake ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Ilikuwa tani 75, ikasafirishwa kwa malori makubwa 6. Bila watu wa aina hiyo, wanaochekwa na majirani, hakuna mhariri ambaye angeweza kukusanya chochote.

Sababu ya pili ni ya kisiasa. Mwaka wa 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichodai kwamba vitabu vya katuni vinawafundisha watoto uhalifu. Baraza la Seneti likafanya vikao, na wachapishaji, kwa hofu, wakajiwekea kanuni kali. Kanuni hizo zilitaka wema ushinde kila mara, polisi na mahakimu wasidharauliwe, na wanawake wachorwe bila kukuzwa maumbile. Hebu jiulize: mwanamke anayevaa barakoa ili afanye kazi ambayo polisi wameshindwa atabaki wapi? Alipoletwa Batwoman mwaka wa 1956, alipewa mkoba wenye poda ya kupigisha chafya na bangili za kufungia wahalifu, na mwishoni mwa hadithi yake ya kwanza Batman akamshawishi aache kazi hiyo. Mwaka wa 2012 mtafiti Carol Tilley alionyesha kwamba Wertham aliuchezea ushahidi wake. Lakini tusimtupe mzee huyo mzima mzima. Alikuwa ameanzisha kliniki Harlem kwa ajili ya watu weusi maskini, na katika kitabu hicho hicho alilalamikia katuni za msituni zilizowafundisha watoto wa kizungu kuwadharau watu weusi. Katika hilo alikuwa na macho kuliko waliomcheka.

Na hapa ndipo turejee kwenye ile ngozi. Kabla ya Fantomah na kabla ya Miss Fury alikuwapo Sheena, malkia wa msituni, aliyechapishwa kwanza Uingereza mwaka wa 1937 kisha Marekani mwaka wa 1938. Mwaka wa 1942 akawa mwanamke wa kwanza wa aina yake kupewa kitabu cha jina lake, miezi michache kabla ya Wonder Woman. Sheena ni yatima mzungu aliyelelewa na mganga wa Kiafrika. Yeye ndiye anayewaokoa wenyeji kutoka kwa majangili na wafanyabiashara wa watumwa. Wenyeji hao hawajiokoi hata siku moja. Yaani mtu azaliwe msituni, akulie msituni, ajue kila njia na kila mti, halafu amngoje mgeni amwonyeshe pa kupita!

Mwaka wa 1984 Sheena alifanyiwa filamu, na mandhari yake yalipigwa hapa hapa Kenya. Punda milia aliyempanda mwigizaji Tanya Roberts alikuwa farasi aliyepakwa milia. Hilo tunaweza kulicheka. Lililo gumu kucheka ni nafasi aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth wa Toro, Uganda. Huyu alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili nchini Uingereza, na mwaka wa 1974 alikuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake. Katika filamu hiyo aliigiza mganga anayemlea mtoto wa kizungu na kumrithisha siri za wanyama. Simlaumu, mwigizaji huchukua kazi iliyopo. Ila ukimweka kando ya ile ngozi ya Marla Drake, unaona kwamba miaka 43 ilikuwa imepita na mpango ulikuwa ule ule. Mwafrika alihitajika kama mlango wa nguvu. Mlango ukishafunguliwa, kazi yake imekwisha.

Vijana wa kwetu hawakukosa vyao vya kusoma. Sisi tuliokua katika miaka ya 1970 tulimjua Lance Spearman wa gazeti la picha la African Film, mpelelezi mweusi mwenye kofia na sigara, aliyewasumbua wahalifu mpaka wakakoma. Pembeni mwake alikuwapo Sonia, msaidizi wake, mrembo na jasiri. Jina lililouza gazeti, hata hivyo, lilikuwa la Spearman.

Huko Marekani jagina mweusi wa kike alichelewa. Butterfly, mwimbaji wa Las Vegas aliyeruka usiku kupambana na wahalifu, alitokea mwaka wa 1971 na akatoweka upesi. Misty Knight, askari mpelelezi wa zamani, alikuja mwaka wa 1975. Mwaka huo huo, katika toleo maalumu la X-Men, Len Wein na Dave Cockrum wakamleta Storm. Profesa Xavier anamkuta Kenya, akiabudiwa kama mungu kwa kuwa anaamuru mvua. Baadaye ilielezwa kwamba mama yake ni Mkenya. Jina lake halisi ni Ororo, na wasomaji wakaambiwa maana yake ni uzuri.

Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita jina hilo kimya kimya. Kivumishi -ororo tunacho. Tunasema sauti nyororo, ngozi nyororo, mkono mwororo. Maana yake ni laini, kisichokwaruza. Sijui mwanamke anayeita radi kutoka mbinguni ana uororo gani, labda wa kitambo tu kabla ya dhoruba. Lakini kosa hilo, kama ni kosa, nalisamehe kwa urahisi kuliko lile la Sheena. Kwa mara ya kwanza nguvu zilikuwa za mwanamke mweusi mwenyewe. Hakuzirithi kwa mjomba, hakuzivaa wala hakuzivua. Hata hivyo wachoraji walimpa macho ya samawati, na wanakijiji wa Kenya waliomzunguka hawakuwa na la kusema ila kupiga magoti.

Mwaka wa 2021 watoto wetu walianza kutazama Super Sema, katuni ya video iliyotengenezwa na kampuni ya Kukua yenye makao Nairobi, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa wasimamizi wake wakuu. Sema ni msichana mdogo wa kijiji kiitwacho Dunia. Hana ngozi ya chui wala hakulelewa na mganga. Silaha zake ni sayansi, teknolojia na pacha wake MB. Jina lake ni kitenzi katika hali ya kuamuru, jina ambalo mwandishi aliyelificha la June asingethubutu kumpa mhusika wake. Anayewasumbua wanakijiji ni mtawala mwenye akili ya mashine, na jina la mtawala huyo ni Tobor. Lisome kutoka kulia kwenda kushoto.